Tundu Nililolisahau

Nilikuwa mwanafunzi wa ufundi, nikifanya mafunzo kwa vitendo katika karakana moja ya Majengo, Moshi, nilipopewa kazi ya kukokotoa vyuma vya winchi ya ukutani ya kunyanyua mzigo wa tani 1. Bomba lilitoka ukutani likiwa limelala, na juu yake flati ba, yaani chuma bapa, ilishuka kwa mwinamo wa nyuzi 30, vyote vikiwa vimefungwa kwa pini kwenye ncha. Bomba liligandamizwa, nayo flati ba ikavutwa kwa kilonyutoni 20, nguvu ambayo niliigawa kwa upana wa milimita 40 mara unene wa milimita 6, nikapata mkazo wa nyutoni 83 kwa milimita mraba. Kwa kuwa chuma laini huanza kunyumbuka bila kurudi hali yake kwenye nyutoni 250 hivi, niliandika, tena kwa wino mwekundu, kwamba winchi ilikuwa salama mara 3.

Tuliijaribu kwa mifuko 20 ya saruji. Cheni iliteleza mara moja, mzigo ukashtuka, kisha ukatulia. Hakuna kilichokatika, nami nilikuwa nimeshaanza kutabasamu Mzee, fundi mkuu wetu, alipoagiza mifuko ishushwe na kuniita juu ya ngazi. Rangi ilikuwa imebanduka kwa vipande vyembamba pembeni mwa tundu la pini, na vernia, kifaa cha kupimia tundu, iliyopaswa kusoma milimita 22 kila upande, ilisoma 22 kwa upana na karibu 24 kwa urefu.

"Kijana, hapa penye tundu kuna chuma cha upana gani?" aliniuliza.

Kilikuwa cha milimita 18 tu. Nilikuwa nimenakili mfano wa darasani uliohusu chuma kinachogandamizwa, ambacho pini hukisukuma kuelekea katikati yake, kwa hiyo eneo lote la chuma huhesabiwa. Kinachovutwa hupitisha nguvu yote kwenye vipande viwili vilivyobaki kando ya tundu. Nyutoni 20,000 kwa milimita mraba 108 ni 185, na mzigo unaoshtuka unaweza kuuzidisha mkazo huo maradufu.

Tulichonga flati ba nyingine ya milimita 50 kwa 10, ambayo penye tundu mkazo wake ulikuwa nyutoni 71. Bei yake ilikatwa kwenye posho yangu.