Toba ya Mfalme Claudius

Wapendwa katika Bwana,

Juma hili ninawaalika tutafakari toba kwa kumtazama mtu aliyeshindwa kutubu. Katika tamthilia ya Hamlet, iliyochapwa mara ya kwanza London mwaka 1603, William Shakespeare anatuonyesha Claudius, mfalme wa Denmark, aliyemuua ndugu yake kwa sumu, akatwaa kiti chake cha enzi na kumwoa mjane wake. Katikati ya mchezo mfalme huyu yuko peke yake, naye anajaribu kusali.

Katika saa hiyo si mnafiki, kwa maana hakuna mtu anayemsikia. Anakiri kwamba dhambi yake imebeba laana ya kale, ile ya ndugu kumuua nduguye (Mwanzo 4), na anaamini kwamba mbinguni kuna mvua ya kutosha kuusafisha mkono wenye damu ukawa mweupe kama theluji, jambo linalotukumbusha Isaya 1:18. Mafundisho anayajua, na majuto anayo. Lakini anajiuliza kama mtu aweza kusamehewa huku akiendelea kuyashikilia aliyoyapata kwa kosa lake, yaani taji, makuu aliyoyatamani na malkia, kisha anajijibu mwenyewe kwamba mbele za Mungu hila haipiti. Naamini hapo Shakespeare alimfahamu mwanadamu kwa kina cha kutisha: twaweza kuuchukia uovu wetu kwa dhati, na bado tukaipenda faida yake. Zakayo, alipotubu, alianza na mali, akiahidi kumrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya (Luka 19:8).

Hamlet, mwana wa marehemu, anapita akiwa na upanga, lakini anamwacha kwa kuwa anadhani roho iliyo katika sala itakwenda mbinguni, naye anataka iangamie. Amehukumu kwa kuyatazama magoti tu. Akisha kuondoka, mfalme anasimama na kukiri kwamba maneno yake yamepaa, bali mawazo yake yamebaki chini.

Katika onyesho la mwisho, malkia yuleyule ambaye Claudius hakukubali kumwachilia anakichukua kikombe cha sumu kilichoandaliwa na mfalme kwa ajili ya Hamlet. Mfalme anamwambia asinywe, lakini hawezi kumweleza sababu, kwa kuwa kueleza kungekuwa kukiri mbele ya watu wote. Naye malkia anakunywa.