Sanduku la muziki la sarafu: sasa linameza mia mbili

Wiki hii sanduku ninalolitengeneza, la kulipia sarafu likupigie wimbo, limeanza kupokea hela. Kifaa cha kusoma sarafu kimetoka kwenye mashine mbovu ya dubwi, ile ya kamari ya sarafu, niliyouziwa na fundi wa Makoroboi, hapa Mwanza. Ndani yake unabana sarafu moja ya mfano katikati ya koili, yaani nyaya zilizoviringishwa; ukitumbukiza nyingine, kinalinganisha jinsi madini ya hizo mbili yanavyovuruga sumaku. Ya 200 inapita, ya 100 inatemwa. Washa ya bolti nayo imetemwa, vijana wa Mwaloni mjue mapema.

Spika bado zimenipa mawazo. Louis Glass alipofunga fonografu ya Edison, mashine ya mwanzo ya kucheza sauti zilizorekodiwa, ya kutumbukiza sarafu kwenye baa ya Palais Royale, San Francisco, Novemba 1889, haikuwa na spika kabisa. Ilikuwa na mirija minne ya kusikilizia, kila mmoja na tundu lake la senti 5. Hujalipa, husikii, hata kama umesimama pembeni yake. Hakukuwa na kuchagua wimbo pia. Mambo yaligeuka mwaka 1927, kampuni ya AMI ilipoleta mashine ya kuchagua nyimbo yenye amplifaya ya umeme: mmoja analipa, baa nzima inasikia.

Utamu wa mashine hii kwangu uko hapo. Unatoa hela yako ili watu usiowajua wasikilize unachokipenda wewe, na wao wakichoka, watoe yao.

Litakaa mgahawani kwa mama mdogo, Kirumba, wanakokunywa chai wachuuzi wa dagaa. Yeye anataka kitufe cha kukatisha wimbo. Nimemwambia, “Mama, aliyelipa amelipa.” Tumekubaliana awe na kitufe cha sauti tu, tena kisichofika sifuri.

Taa za viputo kama za sanduku la muziki la Wurlitzer 1015 la mwaka 1946 nazitamani, ila zitasubiri. Kwanza kihesabu: mashine za zamani ziliweka hesabu ya mara ngapi kila sahani ya muziki ilichaguliwa, na mwenye mashine akaondoa zisizopendwa. Nataka kujua kama bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, itaipiku bongo fleva saa za asubuhi. Mjomba anasema haiwezekani. Vitufe vikifika kutoka Dar, tutaona.