Uchungu Kwanza: Nilivyopanga Vinywaji vya Aperitivo Nyumbani Kwangu Padova

Mara ya kwanza nilipowaalika wakwe zangu kwa aperitivo, vile vinywaji vya Waitaliano vya kabla ya chakula cha jioni, niliwashibisha. Huku Veneto, kaskazini mwa Italia, hilo ni kosa kubwa. Niliwaita saa kumi na mbili na nusu jioni. Nilikuwa nimekaanga sambusa na viazi karai, nikafungua na chupa mbili za Amarone, ule mvinyo mwekundu mzito wa Valpolicella ambao bei yake peke yake inatosha kumheshimu mgeni. Kwetu Malindi mgeni hakaribishwi kwa kitu chepesi. Wakala, wakanywa, wakanisifu. Saa mbili na nusu usiku tulikuwa tunangojwa kwa mama mkwe, ambaye alikuwa jikoni tangu asubuhi, na tulipofika hakuna aliyemaliza hata nusu ya sahani yake. Mama mkwe hakusema neno. Alifunika sufuria, akaisukuma nyuma ya jiko, akaketi.

Kesho yake alinipigia simu. "Mwanangu," akaniambia, "aperitivo haishibishi. Inafungua."

Neno lenyewe lina asili ya Kilatini, aperire, yaani kufungua. Mimi Kiitaliano nilikijua kabla sijaja Italia. Malindi na Waitaliano wamezoeana tangu miaka ya 1960, enzi za mitambo ya San Marco ya kurushia setilaiti kule Ngomeni, na baba yangu alifanya kazi kwenye hoteli ya Waitaliano miaka mingi. Tangu utotoni nilikuwa nikiwaona wageni jua likizama, kila mmoja na glasi yake nyekundu au ya rangi ya chungwa, na neno aperitivo nililisikia mara elfu. Nilidhani maana yake ni pombe ya jioni, basi. Sisi tuna kifungua kinywa cha asubuhi. Wenzetu wana kifungua tumbo cha jioni, na mimi nilikuwa nimeleta chakula kizima mahali pa ufunguo.

Kilichonifumbua macho ni kahawa. Siku moja jirani yangu wa Mombasa, tunayekaa naye jengo moja hapa mtaa wa Arcella, nyuma ya stesheni, alinikaribisha kahawa chungu na halua. Nikiwa na kile kikombe kidogo mkononi nikaona jambo ambalo nimeishi nalo maisha yangu yote. Kahawa ile ukiinywa peke yake inakunja uso. Ukitanguliza kipande cha halua, ule uchungu unausafisha mdomo na mkono unarudi kwenye sahani wenyewe. Aperitivo inafanya kazi hiyo hiyo, ila huku uchungu hukutana na chumvi: zeituni, karanga, vipande vya jibini ya Grana. Ndiyo sababu vinywaji vyao vya jioni vimejaa mizizi na maganda. Vermut, mvinyo unaotiwa mitishamba, imepata jina lake kutokana na neno la Kijerumani la mmea wa pakanga. Tangu siku ile, nikipanga vinywaji swali langu la kwanza si nani anakunywa pombe na nani hanywi. Najiuliza kila mgeni atapata wapi uchungu wake.

Nikawaita tena. Tulikuwa watu tisa. Mimi na mume wangu, mama mkwe, wifi yangu na mumewe, mjomba wa mume wangu kutoka Torino, mzee mmoja wa ghorofa ya tatu anayeishi peke yake, na yule jirani wa Mombasa pamoja na mama yake mzazi aliyekuwa amekuja kumtembelea. Hao wawili wa mwisho ni Waislamu na pombe hawaigusi. Shemeji, yule mume wa wifi, naye ndiye angeendesha gari, na leseni yake haijatimiza miaka mitatu. Sheria ya Italia inamruhusu dereva wa kawaida gramu 0.5 za kilevi kwa lita ya damu, lakini dereva mpya anatakiwa awe na sifuri. Kwa hiyo watatu kati ya tisa hawanywi kabisa, theluthi nzima ya meza. Kuwawekea hawa juisi ya pakiti kwenye glasi za watoto huku wengine wakipewa glasi kubwa zenye barafu na vipande vya chungwa ingekuwa ni kuwatenga. Nimewahi kukaa kwenye meza ya namna hiyo na naijua inavyouma.

Nilianza na spritz, kwa kuwa Padova huwezi kuikwepa. Aperol, kile kinywaji chungu cha rangi ya chungwa kinachotiwa kwenye spritz, ilitoka mji huu huu, ndugu wawili wa Barbieri waliitoa mwaka 1919. Kilevi chake ni asilimia 11 tu. Campari, iliyoanzia Novara mwaka 1860, huuzwa hapa ikiwa na asilimia 25, na uchungu wake ni wa kukaza taya. Katikati yake kuna Select ya Venezia, ya mwaka 1920, asilimia 17.5. Kwangu mimi Aperol inamfaa anayeanza, Campari ni ya aliyezoea, na Select ni ya mtu kama mama mkwe, ambaye anaiona Aperol tamu mno na Campari kali mno.

Kipimo cha spritz ni tatu, mbili, moja: prosecco, ule mvinyo mweupe wenye mapovu, tatu, Aperol mbili, soda ya maji moja. Kwa glasi moja hiyo ni mililita 90, 60 na 30. Wanywaji wangu wa spritz walikuwa wanne, nikakadiria glasi mbili mbili, jumla nane. Prosecco mililita 720, na chupa ina 750. Kwa hesabu chupa moja inatosha, ila nilinunua mbili, maana hakuna anayemimina kwa kipimo wageni wakishachangamka.

Kwenye prosecco yenyewe nilikuwa nimekosea miezi mingi bila kujua. Nilikuwa nachukua chupa iliyoandikwa Extra Dry, nikiamini kwamba ndiyo kavu, yaani isiyo na utamu, kupita zote, kumbe ni kinyume. Extra Dry ina sukari gramu 12 hadi 17 kwa lita, na Brut ina chini ya 12. Aperol tayari ni tamu, ukiiongezea prosecco yenye sukari unapata sharubati, na ule ufunguo unapotea. Muuza mvinyo wa mtaani kwetu ndiye aliyenieleza, akanishikisha Brut ya Valdobbiadene. Toka siku hiyo sijarudi nyuma. Wapo wa hapa hapa wanaopenda Extra Dry kwenye spritz na siwezi kuwapinga kwao, lakini mezani kwangu ni Brut.

Mjomba wa Torino nilimwekea vermut nyekundu. Torino ndiko Antonio Benedetto Carpano alikoitengeneza vermut yake mwaka 1786, na watu wa kule wanaijua kama sisi tunavyoijua chai ya maziwa. Yeye anaitaka na barafu mbili na ganda la limau, haitaki soda wala kitu kingine. Vermut ni mvinyo, ukishaifungua iweke kwenye friji. Yangu ya zamani ilikaa juu ya kabati miezi minane karibu na jiko, nikaionja, nikaimwaga.

Mzee wa ghorofa ya tatu aliniambia mapema kwamba anataka spritz kama ya baba yake. Yaani mvinyo mweupe na maji yenye gesi, nusu kwa nusu, na zeituni moja. Hiyo ndiyo spritz ya asili. Husimuliwa kwamba wakati Veneto ikiwa chini ya Austria, wanajeshi waliona mvinyo wa hapa unawazidi nguvu wakawa wanaomba utiliwe maji, na neno lenyewe ni la Kijerumani, kunyunyiza. Kinywaji chake kilikuwa rahisi kuliko vyote mezani, na nadhani ndicho kilichonywewa kwa furaha kubwa zaidi.

Nikaja kwa watu wangu watatu. Hapa ndipo nilipotumia siku mbili nzima nikizunguka supamaketi, kwa sababu nilitaka uchungu wa kweli usio na kilevi. Bahati nzuri Italia imelifikiria hili zamani. Kuna Crodino, vile vichupa vidogo vya rangi ya chungwa vilivyopo tangu miaka ya 1960, na kuna Sanbittèr, nyekundu kama Campari. Zote mbili ni chungu, zote zina gesi, na kwenye lebo imeandikwa analcolico, yaani bila kilevi. Kuna chinotto pia, soda nyeusi ya tunda dogo chungu la jamii ya machungwa. Nilichukua Crodino na Sanbittèr. Ukizimimina kwenye glasi kubwa yenye barafu na kipande cha chungwa, hakuna atakayejua nani anakunywa nini. Shemeji alishukuru sana kwa hilo, maana amechoka kuulizwa kila mahali kwa nini hanywi.

Uzuri huo huo wa kufanana ukanitia wasiwasi. Glasi mbili za rangi moja, moja ina pombe nyingine haina, na mama wa jirani yangu ni mtu mzima anayeichunga dini yake. Je, mkono ukikosea? Nikaamua kuwapangia meza yao wenyewe, ndogo, pembeni ya dirisha, si mbali na wengine. Barafu yao kwenye bakuli lake, koleo lake, chungwa lililokatwa kwa kisu kingine, na glasi ndefu zilizonyooka badala ya zile za mviringo. Chupa niliziacha wazi mezani, lebo zikiwatazama. Mama alipoingia nikamwamkia, "Shikamoo mama," nikamwonyesha moja kwa moja: "Vya hapa vyote havina kilevi. Na vyombo ni vyenu peke yenu." Akaichukua chupa, akampa bintiye aisome, akaketi akatulia.

Kwenye meza hiyo nilikuwa nimeweka chupa moja zaidi, sharubati ya tamarindo. Waitaliano wanayo, nzito na nyeusi, huchanganywa na maji baridi. Nilipoiona kwenye rafu nilisimama pale pale, maana jina nililijua. Nikaitia kidogo kwenye glasi, barafu, maji yenye gesi, na limau. Mama akaonja. Akanyamaza kidogo. Akaonja tena.

"Huu si ukwaju huu?"

"Ni ukwaju, mama."

"Hawa wameutoa wapi?" Akaniomba chumvi. Akatia chembe chache kwa ncha ya vidole, akakoroga, akanipa nionje, na kweli ilikuwa imefunguka kabisa. Mama mkwe akaja kuona kuna nini. Anaijua tamarindo tangu utotoni, ila kuitia chumvi hakuwahi. Wakakaa pale dirishani wawili hao, mmoja hajui Kiitaliano na mwenzake hajui Kiswahili, wakipokezana kibakuli cha chumvi.

Kuhusu vitafunio nitasema machache. Nilikaanga krisps za muhogo, nikazinyunyizia ndimu na pilipili ya unga, nikaweka zeituni, nikanunua na folpetti pale Piazza della Frutta. Folpetti ni pweza wadogo wa kuchemsha, wanaliwa kwa mafuta ya zeituni, limau na parsley. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kula pweza jioni. Kila kitu kilikuwa kidogo, cha kushika kwa vidole au kijiti, na kikiisha sikuongeza. Hilo ndilo lililokuwa gumu kwangu, kuona sahani tupu mbele ya mgeni na kuketi.

Kwa anayetaka kujaribu: glasi ijaze barafu mpaka juu. Barafu chache huyeyuka upesi na unabaki na maji ya rangi. Tanguliza prosecco, polepole, ikiwa baridi, kisha Aperol, kisha soda. Ukitanguliza Aperol inalala chini, na ukiikoroga sana ili ichanganyike unafukuza gesi. Mimi huzungusha kijiko mara moja, kutoka chini kuja juu, basi. Soda ifungue wakati huo huo, chupa ndogo ndogo ni bora kuliko moja kubwa.

Saa mbili na robo mama mkwe akasimama, akachukua koti. Safari hii chakula kilikuwa kwake tena, na wote tisa tulialikwa. Tulishuka ngazi tukiwa na njaa. Alikuwa amepika risotto ya radicchio, ile mboga nyekundu chungu ya Treviso, na kwa wageni wetu wawili alikuwa ametenga sufuria isiyotiwa mvinyo, bila mimi kumkumbusha. Mama wa jirani yangu akaomba aongezewe. Ile chupa ya tamarindo nilikuwa nimeibeba kwenye mkoba, na ilirudi nyumbani tupu.