Mfuko wa ndani

Leo asubuhi baridi ya Uyole ilikuwa ya kung'ata masikio, nikalitoa lile koti la zamani. Mwanangu akapapasa ndani yake.

"Baba, mbona mfuko huu umeshonwa?"

Umeshonwa kwa uzi wa magunia, na aliyeushona ni bibi yake.

Ilikuwa Januari, mahindi yamefika magotini, nimetumwa Mwanjelwa kununua mifuko miwili ya urea. Nilikuwa na miaka 19, kwa hiyo hata ile sheria ya kukataza kamari chini ya miaka 18 hainikingi. Hela ya mbolea ilikaa mfuko wa ndani. Elfu tano yangu ya dubwi, ile mashine ya kamari ya sarafu, mfuko wa suruali. Ya suruali ikiisha, naondoka. Kanuni safi kabisa, na nilikuwa nimeishika miezi.

Siku hiyo nikashinda. Taa ilizunguka, tufaha, chungwa, kengele, ikapunguza mwendo, ikavuta miguu kwenye tikiti, kama inahema, ikaingia BAR. Mashine ikatapika. Sarafu 50 za mia mbili zikigonga bati. Nikazikinga kwa kofia, Karume upande huu, simba upande ule, za baridi kama zimetolewa mtoni. Vijana wakaniita bosi. Nikanunulia soda watu nisiowajua.

Kilichofuata sikikumbuki vizuri. Kofia ikawa nyepesi tena. Hapo kanuni yangu ikakosa la kusema: ilijua habari za kuliwa elfu tano, haikujua habari za kuliwa elfu kumi niliyokaa nayo robo saa. Hiyo niliiona yangu kuliko ile ya suruali. Nikaingiza mkono ndani ya koti ili niikomboe.

Nyumbani nilifika na mfuko mmoja. Nikamwambia mama mbolea imepanda bei. Msimu wa mbolea, uongo huo hauhitaji kipaji. Februari nusu ya shamba ikaanza kuwa njano, majani ya chini kwanza, kutoka nchani kufuata uti wa jani. Mama akapita kwenye mistari, akachuma jani moja, akalitazama, akalikunja kunja mpaka likawa dogo. Hakuuliza kitu. Jioni akaliomba koti, eti kifungo kimelegea.

"Ulitoboka," nikamjibu mtoto.

Anaubonyeza bado. "Kuna kitu humu, baba. Kigumu. Kama hela."

Nikamwambia avae viatu, bajaji haisubiri.