Chupa tatu, vitamini ile ile

Nilipojua nina mimba, kando ya kitanda changu kulikuwa na chupa tatu: vidonge vya wajawazito, vidonge vya nywele na ngozi, na mafuta ya ini la samaki aliyoniletea dada. Nilimeza vyote kila asubuhi. Nilitaka mtoto asikose kitu.

Usiku mmoja usingizi ulikataa, nikachukua kalamu nikaandika vitamini A iliyomo katika kila chupa. Ya kwanza IU 2,500 (IU ni kizio cha kupimia vitamini). Mafuta ya samaki IU 4,000. Ile ya nywele iliandikwa mikrogramu 1,500, nikaona ni kidogo, nikashusha pumzi. Kumbe mikrogramu moja ya retinoli, yaani vitamini A iliyo tayari kutumiwa na mwili, ni kama IU 3.3, kwa hiyo zile 1,500 ni IU 5,000! Jumla 11,500 kwa siku, na mjamzito anashauriwa asivuke 10,000, maana retinoli ikizidi, hasa mimba ikiwa changa, inaweza kumletea mtoto kasoro za maumbile. (Beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayotoka kwenye karoti na mboga, haina hatari hiyo.)

Mikono ilitetemeka. Kulipokucha nikazibeba chupa zenyewe hadi kliniki.

"Umetumia muda gani, mama?" mkunga akauliza.

"Wiki mbili."

Hakunigombeza. Alizisoma moja moja, akaweka mbili pembeni, akanirudishia ile ya wajawazito, yenye foliki asidi mikrogramu 400 na madini ya chuma. "Kitu kingine chochote, hata kikiitwa cha asili, nionyeshe kwanza."

Chuma kilinisumbua: choo kikawa kigumu, tena cheusi. Weusi ni kawaida, aliniambia. Niliacha kukimezea chai, kwa kuwa chai huzuia mwili kukifyonza, nikahamishia usiku kabla ya kulala.

Baada ya kujifungua nywele zilianza kutoka mafungu kwa mafungu, nikaitamani tena ile chupa. Mkunga akanikataza: retinoli hupita kwenye maziwa, na nywele hizo hupukutika kwa sababu homoni zimeshuka, zitaota zenyewe. Nikaimwaga siku hiyo hiyo. Sasa ninachohesabu ni matone ya vitamini D ya mwanangu, IU 400 kwa siku kama alivyoelekeza, na nayahesabia mwangani, dirishani, nisije nikakosea.