Salaita, kilima kilichobeba mahandaki

Makanga wa matatu ya Voi kwenda Taveta, kusini mwa Kenya, aliniuliza mara mbili kama kweli nashuka Salaita. Hakuna duka wala kituo, ni kilima kifupi chenye vichaka vya miiba, na Kilimanjaro mbele yako upande wa kaskazini-magharibi. Mwenyeji wangu, mzee wa Taveta anayewatembeza wageni, alikuwa ameshafika kwa bodaboda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nifuate nyuma, na ukiona mawe yamepangwa usiyakanyage."

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, wakajichimbia hapa Salaita kuilinda njia ya kwenda Kilimanjaro. Waingereza wakajenga reli kutoka Voi, wakaisukuma hadi Maktau, kisha Mbuyuni, ndipo wakajaribu kukiteka kilima. Tarehe 12 Februari 1916 Jenerali Malleson alituma wanajeshi wa Afrika Kusini waliokuwa wageni kabisa katika nchi hii. Mizinga ikapiga kilele cha kilima, kumbe mahandaki yenyewe yalikuwa chini, ndani ya miiba. Wanajeshi wale walipokaribia walipokewa kwa bunduki za rashasha, na askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani wakatoka kuwashambulia. Zaidi ya 130 wa Afrika Kusini waliuawa, kujeruhiwa au kupotea. Waliouzuia mkasa usiwe mkubwa zaidi ni kikosi cha Wabaluchi kutoka Bara Hindi, watu ambao wenzao wazungu walikuwa wakiwadharau kwa kuwaita makuli.

Mzee alisukuma matawi kwa fimbo na hapo nikaliona handaki. Kina chake sasa hakipiti magoti, maana mvua za zaidi ya miaka mia zimelijaza udongo. Lakini kingo zake bado zina mawe, yamepangwa moja juu ya jingine bila saruji, na handaki linapinda kila baada ya hatua chache ili kombora likianguka lisiwamalize wote waliomo. Nilipitisha kiganja kwenye mawe yale. Kuna mtu aliyachagua moja moja, akageuza hili, akatupa lile, hadi yakashikana. Kwenye udongo mzee akaokota kifuniko cha kopo kilicholiwa na kutu, akanionyesha, akakirudisha palepale alipokitoa. Alinieleza kuwa mahali kitu kilipolala ndipo penye habari: hapa walikula, pale walifyatua risasi. Kikishatiwa mfukoni kinabaki kuwa bati bovu.

Mbele kidogo tulikuta mashimo mapya, udongo wake bado mwekundu. Watu huja kutafuta maganda ya risasi ili wauze shaba, na ukuta wa mawe wa karibu na shimo moja ulikuwa umeporomoka. Iliniuma sana. Sheria tunayo, ile ya makumbusho ya taifa na turathi ya mwaka 2006, inayoruhusu eneo kama hili kutangazwa na kulindwa. Ila mlinzi wa kweli wa Salaita kwa sasa ni miiba, pamoja na wazee wachache wenye fimbo.

Jioni tulikwenda makaburi ya kijeshi ya Taveta. Nyasi zimekatwa na majina yanasomeka vizuri. Nilitafuta majina ya wapagazi waliobeba maji, unga na risasi hadi hapa, wengi wao wakichukuliwa kwa lazima baada ya sheria ya 1915. Zaidi ya 90,000 walikufa katika vita hivi vya Afrika Mashariki, hasa kwa magonjwa na njaa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakuwekewa majina kabisa. Basi kwa hao, kilima kile na njia ya reli ndiyo kumbukumbu iliyobaki. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba mahandaki ni kivutio cha watalii tu, cha kushughulikiwa pesa zikipatikana.

Nilimwuliza mzee angetaka nini kifanyike kwanza. Hakutaja mnara. Alitaka njia moja iwekewe alama ili wageni wasikanyage kingo, ng'ombe wapitishwe upande mwingine, na kila shule ya Taveta ilete watoto hapa mara moja kwa mwaka, tarehe 12 Februari. Mwalimu mmoja ameshakubali, na mzee ameanza kufyeka njia.