Nilivyokielewa kipimajoto cha miale mbele ya tanuri la mikate

Kipimajoto changu cha kwanza cha tanuri kilikuwa kile cha paji la uso, kilichobaki nyumbani tangu siku za korona mwaka 2020. Nilikielekeza ndani ya tanuri la matofali la Mama Mkubwa, hapa Iringa, kikaandika "Hi". Nikakigeuzia ukuta wa nje, asubuhi ya Juni yenye baridi yake, kikaandika "Lo". Nikajua kimekufa. Kumbe mgongoni kina maandishi madogo: nyuzi 32 hadi 42.9. Juu ya hapo kinaandika "Hi", chini ya hapo "Lo". Kilitengenezwa kwa ajili ya watu, si matofali.

Nikanunua cha kazi, chenye umbo la bastola, cha nyuzi -50 hadi 380. Muuzaji alinisifia kwamba kinapiga mpaka mita 15, na maneno hayo yakanipoteza wiki nzima. Hizo mita 15 ni za ile taa nyekundu ya leza, na leza haipimi kitu. Inakuonyesha tu unakolenga. Kinachopima ni jicho lililo karibu nayo, linalopokea miale ya joto isiyoonekana, na jicho hilo huona duara, si nukta.

Ukubwa wa duara umeandikwa ubavuni mwa kifaa: 12:1. Ukisimama sentimita 60 kutoka kwenye kitu, unapima duara la sentimita 5. Ukirudi nyuma hadi mita 1.2, duara ni sentimita 10. Mimi kwa kuogopa joto nilikuwa nasimama mita moja na nusu nikilenga mkate wenye upana wa sentimita 8. Duara langu lilikuwa sentimita 12 na nusu, kwa hiyo nilisomewa wastani wa mkate pamoja na sakafu inayouzunguka. Siku hiyo namba ilinishawishi kwamba mikate imeiva. Haikuwa imeiva, na wateja walinirudishia saba.

Sasa nasogea, napima haraka, naondoka. Tena sipimi kupitia mwali wa moto wala moshi. Hata kioo hakifai: jiko la umeme la jirani lina mlango wa kioo, na kipimajoto kilinipa joto la kioo chenyewe, kana kwamba ndani hamna kitu.

Lakini kilichoniunguza, na hapa nasema vidole hasa, ni trei mpya ya alumini. Nimeitoa tu tanurini, inang'aa, kipimajoto kinasema nyuzi 54. Nikaishika. Chuma au alumini inayong'aa hutoa miale kidogo sana ya kwake na kuakisi ya vitu vilivyo pembeni, mfano wa kioo cha kujitazamia. Kifaa changu kimepangwa kudhani kila kitu hutoa asilimia 95 ya miale inayowezekana kwa joto lake. Tofali, unga, mkate na hata ngozi ya mtu haviko mbali na hapo. Alumini safi haifiki hata asilimia 10. Fundi umeme wa mtaani akanipa dawa: bandika kipande cha tepu nyeusi kwenye sufuria, kiache kipate moto, kisha pima tepu. Kwa sufuria ya maji ya kukandia inafaa sana. Trei ya tanurini sitaki, tepu itayeyuka. Nayo trei siku hizi imeshakuwa nyeusi yenyewe kwa masizi na mafuta, haihitaji tepu.

Kuhusu kikomo cha nyuzi 380, nilijuta kidogo mwanzoni. Moto ukikolea, masizi ya darini huungua na matofali kuwa meupe, na kifaa kinaandika "Hi" kama kile cha paji. Baadaye nikaona sina haja ya kujua hapo ni ngapi. Mkate hauingii wakati huo. Tunakwangua makaa, tunafagia, tunangoja sakafu ishuke hadi kati ya 210 na 230, na hapo kifaa kinatosha kabisa.

Juzi nilipima sakafu kwa makini, nikiwa nimeinama mlangoni: 224. Mama Mkubwa, ambaye hajawahi kukigusa, alirusha unga kidogo ndani, akautazama ukigeuka kahawia taratibu.

"Weka mikate, mwanangu."

Nikamwambia hata mashine imesema hivyo.

"Ulinunua shilingi ngapi?"

Sikumjibu. Nikachukua koleo la mikate.